Mtembezaji, programu au ramani ya bure: ziara ya Mji Mkongwe kwa fedha ya kuhesabu

Kama unavuka kwenda Unguja wikiendi hii na fedha uliyonayo ni ya kuhesabu, usinunue ziara yoyote kwenye simu usiku huu. Pakua ramani ya bure, kaa saa moja upange njia yako mwenyewe, kisha tenga kiasi cha kumlipa mtembeza watalii mwenye kitambulisho kwa saa mbili tu ukishafika. Kwa Mtanzania, na kwa jirani yake wa Kenya au Uganda anayezungumza Kiswahili, mpango huo ndio wenye faida. Njia nyingine zote zina bei, na sehemu kubwa ya bei hiyo huonekana baada ya kulipa.

Programu za simu siku hizi zinaahidi ziara iliyoshonwa kwa kipimo chako. Zinakuuliza unapenda nini, una saa ngapi, uko na watoto au uko peke yako, halafu zinakupangia pa kwenda. Wazo lenyewe ni la zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, waliwapa wageni wa mji huo kifaa cha kushika mkononi kilichowapangia matembezi kwa kuangalia wanachokipenda na saa ambazo majengo yako wazi. Maswali ni yaleyale hadi leo. Tofauti ni kwamba sasa yupo anayelipwa kwa kila jibu linalokupeleka sehemu fulani badala ya nyingine.

Maswali hayo unaweza kujiuliza mwenyewe bila kutoa senti. Nina saa ngapi kamili, nikiondoa za boti? Nataka milango na majumba, historia ya utumwa, muziki, au kula tu? Nani kati yetu hawezi kutembea sana? Viingilio vingapi tunavimudu? Ukishajibu hayo manne, kazi ambayo programu ingekutoza umeshaifanya zaidi ya nusu.

Tuanze na kisicho na bei. Ramani za bure ziko za aina mbili: ile inayokuja na simu nyingi kutoka kiwandani, na zile zinazotumia data ya OpenStreetMap, mradi ulioanza mwaka 2004 ambao watu wa kujitolea huchora dunia mtaa kwa mtaa. Kwa vichochoro vya Mji Mkongwe mimi ningechukua ya pili. Zanzibar imebahatika katika jambo hili: kuanzia mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi, pamoja na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ilirusha droni kupiga picha za Unguja na Pemba, na kazi ya namna hiyo huwasaidia sana wachora ramani. Utaona njia ambazo hata teksi haijui kwamba zipo.

Pakua ramani ukiwa kwenye Wi-Fi ya nyumbani au ya kazini. Ukishaipakua, kujua ulipo hakuli bando hata kidogo, kwa sababu simu inasikiliza setilaiti na setilaiti hazitozi. Watu wengi huwasha data siku nzima wakidhani bila hiyo kidoti cha buluu hakitembei. Kinatembea.

Ila kidoti hicho kina udhaifu ambao tangazo halikuambii. Simu ya kawaida ikiwa uwanjani chini ya anga wazi hukosea mita kama tano. Ukiingia Kiponda au Hurumzi, katikati ya kuta za mawe za ghorofa tatu na nne zilizokaribiana kiasi cha kugusika zote mbili kwa mikono, mawimbi yanagonga ukuta huu na ule na kidoti kinarukia kichochoro cha jirani. Programu ya kulipia haiponi ugonjwa huo, maana inatumia kipokezi kilekile cha simu yako. Usilipe kwa ajili ya "usahihi".

Dawa ni kutembea kwa alama: minara miwili ya Kanisa la Mtakatifu Yosefu, kuta za Ngome Kongwe, bahari upande mmoja na barabara kubwa ya Darajani upande mwingine. Mji wenyewe ni mdogo. Ukipotea, nyoosha upande wowote na baada ya dakika kumi na tano hivi utatokea baharini au barabarani. Na una lugha. Mgeni wa Ulaya hulipia programu kwa sababu hawezi kumuuliza mzee aliyekaa barazani. Wewe unatoa salamu, unauliza, unaelekezwa mpaka mlangoni.

Sasa ziara za sauti. Hizi ni rekodi zinazojifungua zenyewe ukifika mahali fulani, na nyingi duniani huuzwa kati ya dola 5 na 15. Ni bei ya chini kuliko mtu, na zina uzuri mmoja wa kweli: hazikuharakishi. Unaweza kusimama mbele ya mlango mmoja nusu saa bila mtu kuangalia saa yake. Kwa msafiri wa peke yake asiyependa mazungumzo ni ununuzi wa maana.

Kabla ya kulipa, angalia lugha. Nyingi ni za Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani, na yenye Kiswahili utaitafuta sana. Halafu sikiliza sampuli ya bure mpaka mwisho. Ukiona dakika mbili nzima zinakuelezea chapati ni nini na kanga inavaliwaje, fahamu kwamba hukuandikiwa wewe. Utakuwa unanunua historia ya kwenu ikisimuliwa kwa mtu ambaye hajawahi kufika pwani.

Angalia pia kama unanunua ziara au unapanga. Kuna inayouzwa mara moja ikabaki yako, na kuna inayoitwa ya bure kwa siku chache kisha inaanza kukata kila mwezi. Hii ya pili ndiyo inayouma. Jaribio la siku saba linaonekana zawadi mpaka siku ya nane, ukiwa umesharudi Dar na umeisahau. Ukiingia kwenye mpango wa namna hiyo, ufute palepale baada ya kuuanzisha. Mara nyingi siku za bure huendelea mpaka zitimie, soma tu maandishi yake kwanza. Na ujue kwamba kuifuta programu kwenye simu hakufuti malipo. Malipo yanafutwa kwenye akaunti ya duka ulikoipakua.

Jambo la tatu ni idadi ya watu. Rekodi moja ni ya simu moja. Familia ya watu watano itanunua mara tano, au itasikiliza kwa spika katikati ya mtaa wa watu wanaoishi humo, jambo ambalo si la heshima wala la raha. Dola 10 mara tano ni 50, na kwa fedha hiyo mnaweza kukaa mezani na mtembezaji wa damu na nyama mkapatana.

Kuhusu bando, hesabu ni rahisi. Rekodi ya ubora wa kilobiti 64 kwa sekunde hula megabaiti 29 hivi kwa saa. Ya kilobiti 128 hula karibu 58. Hiyo ni kidogo. Kinachomaliza bando ni video fupi na picha unazotuma papo hapo kwenye kundi la familia. Pakua rekodi mapema, tuma picha usiku, na bando dogo la siku litakutosha. Laini yako ya Bara inafanya kazi Unguja. Huna haja ya kununua nyingine. Anayetoka nje ya nchi aulize bei ya data ya ugenini kwa kampuni yake kabla ya kupanda boti, na kama atanunua laini ya hapa aende na pasi, maana usajili wa alama za vidole hauepukiki.

Njia ya tatu ni masoko ya mtandaoni ya ziara, zile tovuti na programu kubwa zenye picha za machweo na nyota tano tano. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo fedha za wengi zinapopotea.

Masoko haya hayaongozi mtu. Yanamuunganisha mteja na kampuni ya ziara, na kwa kazi hiyo hukata kwa kawaida kati ya asilimia 20 na 30. Tuseme ziara imeandikwa dola 30 kwa mtu na makato ni asilimia 25: dola 7.50 haimfikii mtembezaji. Mkiwa wanne mmetoa 120, kampuni imepata 90, na mtembezaji mwenyewe analipwa kutoka humo. Ukimkuta mtu huyohuyo ana kwa ana, mnaweza kukubaliana bei iliyo chini ya ile mliyotakiwa kulipa na juu ya ile aliyokuwa aipate. Nafuu hiyo mnagawana nyinyi wawili.

La pili, masoko hayo huuza kwa kichwa. Mtembezaji wa Mji Mkongwe mkipatana naye mtaani hutaja bei ya kundi. Tofauti hiyo haionekani kwa mtu mmoja; kwa watu sita ni kubwa kuliko nauli ya boti ya baadhi yenu.

La tatu ndilo lenye hasara zaidi kwetu. Sehemu nyingi za vivutio nchini zina viingilio viwili, cha raia na cha mgeni wa nje, na cha raia ni cha chini sana. Soko la mtandaoni lina bei moja, kwa dola, iliyopigiwa hesabu ya mgeni. Ukinunua "kifurushi chenye viingilio vyote" umelipa kiingilio cha Mjerumani ukiwa na kitambulisho cha NIDA mfukoni. Ukilipa mwenyewe getini na kitambulisho mkononi, unalipa cha kwako. Kisahau nyumbani na huna cha kuonyesha. Kibebe, na usitegemee picha yake iliyo ndani ya simu.

Neno "imependekezwa kwako" nalo lisikulainishe. Masoko mengi yanakiri katika masharti yao kwamba makato wanayolipwa yanachangia nani awe juu kwenye orodha. Ziara ya kwanza unayoiona inaweza kuwa nzuri kweli, lakini imefika hapo kwa sababu zaidi ya mapenzi yako ya milango. Teremka mpaka ya kumi na tano. Soma maoni ya nyota tatu. Wanaotoa nyota tatu ndio wanaosema boti ilichelewa na chakula kilikuwa cha ziada.

Nisiwanyime haki yao. Soko la mtandaoni linafaa kwa mgeni asiye na lugha, kwa anayefika usiku na kuondoka kesho yake, na kwa anayetaka kurudishiwa fedha mipango ikivunjika, kwani ziara nyingi huruhusu kughairi bure hadi saa 24 kabla. Kama binti yako anayesoma nje anakuja na marafiki wa huko, watumie. Wewe huhitaji.

Wengi sasa wanauliza akili mnemba iwapangie siku. Toleo la bure linatosha kabisa. Usilipe la mwezi kwa ajili ya safari moja. Siri iko kwenye kuuliza. Ukiandika "nipangie ziara ya Zanzibar" utapewa orodha ileile anayopewa kila mtu. Andika hivi: "Nina saa nne Jumamosi asubuhi. Naanzia bandarini Malindi kwa miguu. Napenda milango ya kuchonga na chakula. Nina mtoto wa miaka sita. Sitalipia viingilio zaidi ya viwili. Nipangie bila kurudi nyuma." Jibu litakuwa na sura. Kisha liangalie kwenye ramani uone kama mpangilio unaendana na mitaa ilivyo.

Usiiamini kwa bei wala kwa saa. Inaokota maandishi ya miaka mingi na kuyachanganya. Mfano ni Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sultani Barghash mwaka 1883: sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika ukarabati, na bado kuna orodha mtandaoni zinazolisifu kwa maonyesho ya ndani kana kwamba hakuna kilichotokea. Nenda ulitazame kwa nje, bure. Ijumaa mchana nayo mashine huisahau, wakati mji unapokwenda kuswali na maduka kufungwa. Ramadhani inaisahau pia: ziara ya "kuonja vyakula vya mtaani" saa sita mchana haipo mwezi huo, na Forodhani huchangamka baada ya futari. Februari, wakati wa tamasha la Sauti za Busara, Ngome Kongwe huwa na jukwaa na vyumba vya kulala hupanda bei. Tarehe ya safari inaweza kukuokolea fedha nyingi kuliko programu yoyote.

Tukirudi kwa mtu. Zanzibar watembeza watalii hupewa kibali na Kamisheni ya Utalii na hutakiwa kuwa na kitambulisho. Mwombe akuonyeshe, usione haya, mwenye nacho hukitoa kwa fahari. Asiye nacho ni papasi, na papasi wanakusubiri pale unapotoka bandarini, kabla hujashusha begi. Wapo wakarimu miongoni mwao, lakini hawana wa kumjibu siku mambo yakiharibika, na wewe huna pa kulalamikia.

Mkubaliane kabla ya hatua ya kwanza. "Kaka, sisi ni watano, tunataka saa mbili, kwa wote kiasi gani? Viingilio tunalipa wenyewe, na dukani hatuingii." Maneno hayo matatu ya mwisho yana thamani. Watembezaji wengine hulipwa na maduka ya vinyago na viungo kwa kila mteja wanayemleta, kwa hiyo ziara ya saa mbili hugeuka dakika sabini za historia na hamsini za kubembelezwa. Mtu mwema atakubali na pengine kupandisha bei kidogo. Mpe. Umenunua muda wako.

Sasa tumia saa hizo mbili pale ambapo mtu anahitajika. Mkunazini ndiyo ya kwanza. Hapo palikuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na kanisa kuu la Kianglikana likajengwa juu ya kiwanja hicho. Nje kuna sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni, wakiwa wamesimama ndani ya shimo, kazi ya msanii wa Sweden Clara Sörnäs ya mwaka 1998. Mahali kama hapo panataka mtu wa kumuuliza, hasa ukiwa na watoto, kwa sababu watauliza. Ila uliza kwanza dirishani kama kiingilio kina mwongozaji wa ndani. Usije ukamlipa mmoja na kukuta mwingine umeshamlipia.

Sehemu ya pili ni vichochoro vya ndani, Soko Muhogo mpaka Kiponda, ambako mtembezaji mzaliwa wa mtaa anajua nyumba gani ilikuwa ya nani na nani sasa anaishi humo. Hakuna rekodi inayojua hilo.

Yaliyobaki usimlipe mtu. Forodhani ni bustani ya wazi, iliyokarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009; unaingia na kutoka. Soko la Darajani, jengo la mwaka 1904, linajieleza kwa pua. Ngome Kongwe unazunguka mwenyewe. Milango unaisoma bila mwalimu ukishajua jambo moja: yenye tao juu imefuata mtindo wa Kihindi, na yenye kizingiti cha juu kilichonyooka ni ya mtindo wa Kiarabu. Ukiwa na mtoto, mpe kazi ya kuhesabu ya aina kila moja kutoka Malindi mpaka Shangani. Atatembea bila kulalamika.

Kwa anayetaka njia tayari: toka bandarini Malindi, fuata ufukwe kupita jengo la Zahanati ya Zamani lenye roshani za mbao, Beit al-Sahel, Beit al-Ajaib, Forodhani na Ngome Kongwe. Ingia Shangani; mpenzi wa muziki ataona makumbusho ya Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, na kiingilio chake akilinganishe na hamu yake. Kisha kata katikati kwa Soko Muhogo, unywe kahawa Jaws Corner, upite Hamamni kwenye mabafu ya Sultani Barghash, utokee Mkunazini na umalizie Darajani kwa urojo. Chora njia hiyo kwenye ramani yako ya bure kwa kuweka alama kila kituo. Ni asubuhi moja, kwa mwendo wa taratibu.

Makato madogo madogo yanastahili mistari yao. Programu ikikutoza kwa dola, benki yako hubadilisha kwa kiwango chake na mara nyingi huongeza ada ya muamala wa nje. Soma ujumbe wa benki, usisome bei ya programu. Mashine ya kadi ikikuuliza kama ulipe kwa shilingi au kwa sarafu ya kadi yako, chagua sarafu ya nchi uliyopo, maana hiyo nyingine hupigwa kwa kiwango kibaya. Ukilipa kwa simu utaambiwa "weka na ya kutolea". Hiyo ni haki ya kujadili: mwenye lipa namba hahitaji ya kutolea, na anayetaka fedha taslimu aseme kabla hamjapatana. Na mtu akikutajia bei kwa dola ukiwa Mtanzania ndani ya Tanzania, mwambie akutajie kwa shilingi. Kanuni za mwaka 2025 zinakataza kutangaza bei za bidhaa na huduma nchini kwa fedha za kigeni.

Ndugu wanaokuja kutoka Muscat, London au Toronto wakiwa na pasi za huko wana gharama moja ambayo programu za ziara haziionyeshi: tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni wa nje anayeingia Zanzibar anatakiwa kuwa na bima ya lazima ya safari, dola 44. Wailipie mapema kwenye mfumo rasmi wa shirika la bima la Zanzibar, na waepuke tovuti za kati zinazoongeza "huduma".

Simu itakufa kabla yako. Kutafuta njia, kupiga picha na skrini yenye mwanga wa jua la saa saba huimaliza betri kwa saa chache. Benki ya umeme ya mAh 10,000 inatosha, lakini usitegemee yote. Kiasi kikubwa hupotea katika kubadilisha nguvu, na ukipata asilimia 60 hadi 65 umepata. Hiyo ni simu ya mAh 5,000 mara moja na kidogo zaidi. Zile zinazouzwa kwa bei ya soda zikiwa zimeandikwa mAh 50,000 ziache mezani. Ipime mkononi: ya kweli ya 10,000 ina uzito wa gramu 200 hivi. Ukisafiri kwa ndege iwe kwenye begi la mkononi.

Na ruhusa ya kujua ulipo, ipe programu wakati inapotumika tu. Programu ya bure inayotaka kujua ulipo usiku na mchana, pamoja na orodha ya majina kwenye simu yako, inajilipa kwa njia nyingine.

Nje ya mji hesabu inageuka kidogo. Changuu, kisiwa cha kobe wakubwa ambao wa kwanza waliletwa kutoka Aldabra, Shelisheli, mwaka 1919, huuzwa mtandaoni kwa kichwa. Ufukweni Forodhani na Shangani nahodha hutaja bei ya boti nzima ya kwenda na kurudi. Tafuteni wenzenu wawili watatu pale pale, mgawane. Kiingilio cha kisiwa huwa mbali na boti, na jaketi la kuokolea liwe la kila mtu. Hapo usibane fedha.

Msitu wa Jozani, wenye kima punju wekundu, una mwongozaji ndani ya kiingilio kwa kawaida, kwa hiyo kulipia wa mjini akusindikize ni kulipa mara mbili. Daladala ya Jambiani, namba 309, hupita langoni. Ramani ya simu haijui itaondoka saa ngapi. Wenyeji wanajua, na kituo chake uliza siku hiyohiyo. Mkiwa wanne na muda ni mfupi, gari la kukodi nusu siku kwa bei ya gari zima ni bora kuliko viti vinne vya kifurushi.

Mashamba ya viungo ndiyo pekee ningekubali kununua pamoja na usafiri, kwa sababu yako mbali kidogo na bila mtu anayechana majani mbele yako hutajua umeona nini. Uliza kama chakula cha mchana kimo, na kama mkwezi wa mnazi ana malipo yake. Mara nyingi anayo.

Ukiwa peke yako na siku moja: ramani ya bure, njia uliyochora, kiingilio kimoja cha Mkunazini, na chakula. Usiongeze kitu. Mkiwa familia: ramani, mtembezaji saa mbili asubuhi kabla ya jua kali, halafu alasiri ya bure Forodhani. Mkiwa kundi la vijana sita: fedha ambayo mlikuwa mnunulie ziara sita za sauti iwekeni kwenye boti ya Changuu. Na tiketi ya boti ya kurudi Dar ikateni dirishani au kwenye mfumo wa kampuni yenyewe kabla hamjaanza kuzunguka, kwa sababu Jumapili jioni nafasi za daraja la chini ndizo zinazokwisha kwanza.